Kochi Lililotembea Kijiji Kizima

Nyinyi vijana mtakaopewa vishikwambi na vizibao vya kung'aa mwende mkawaulize watu wanaishije, nitegeeni masikio kabla hamjabisha hodi mlango wa kwanza. Watu huniita Nyar Kasipul, binti wa Kasipul, na jina la kwenye kitambulisho halina kazi hapa. Nilizaliwa karibu na Oyugis. Nilianza kazi ya kuhoji watu enzi tulizokuwa tukitembea na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni ili mvua isizilowanishe, na nikastaafu nikiwa msimamizi wa makarani katika ofisi ya takwimu pale Suna, Migori. Sasa niko nyumbani, nafuga kuku na hasira.

Hasira nitaieleza. Kwanza kazi.

Kazi yetu watu huiona ndogo. Unaingia boma la mtu, unauliza paa ni la nini, sakafu ni ya nini, maji mnachota wapi, kama wiki iliyopita mlikosa chakula. Unaandika, unashukuru, unakwenda boma la pili. Lakini majibu hayo yakifika jiji kuu huchanganywa na ya wengine, na serikali inapoketi kuigawa kodi ya nchi nzima huuliza mambo mawili makubwa: watu wengi wako wapi, na umaskini mwingi uko wapi? Hapo ndipo pesa inapotolewa palipo nacho na kupelekwa pasipo nacho. Ndivyo inavyopaswa, na mimi nautetea mpango huo mpaka leo. Ila mjue kwamba ukikosea kuandika sakafu ya mtu, huenda umemkosesha zahanati.

Aliyenifunza hayo ni Mzee Barasa, mtu wa Bungoma aliyehamishiwa huku kwetu akiwa na koti moja na maneno mengi. Alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: usiulize umaskini sebuleni. Sebule ni ya mgeni, alisema, na jiko ni la mwenyewe. Kwa hiyo Barasa akifika kwa mtu aliomba maji ya kunawa, kisha akayafuata yanakotoka. Aliangalia mtungi kama umejaa au unalia mtupu. Aliangalia dumu la maji, kama mkono wake umefungwa kwa kipande cha tairi, maana dumu la namna hiyo limebebwa mbali. Aliangalia majivu ya jikoni kama ni ya leo. Akimaliza alirudi sebuleni, akauliza maswali yake kwa adabu, na tayari alijua ni jibu lipi linasitiri aibu.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Juma langu la kwanza nilipelekwa upande wa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania, nikamwendea mzee mmoja na kumuuliza moja kwa moja ana ng'ombe wangapi. Mzee aliniangalia toka kichwani hadi viatuni, akaniuliza kama wezi wa ng'ombe siku hizi wanatuma wanawake. Nilipelekwa kwa chifu nikiwa nimezungukwa na vijana wenye rungu. Barasa alipokuja kunikomboa alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia, usiulize wangapi, uliza nani huwakamua na nani huwachunga, na hesabu itakuja yenyewe.

Hata kwetu Waluo ni vivyo hivyo kwa watoto. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakwambia wapo wa kutosha, Mungu ni mwema. Mtoto hahesabiwi kama kikapu cha omena, dagaa wetu wa ziwani. Ukimhesabu unamwonyesha kwa kifo. Uliza majina. Anza na kifungua mimba, shuka taratibu, na usisahau kuuliza nani mwingine alilala hapa jana, maana wajukuu walioachwa na marehemu hawatajwi mpaka waulizwe. Makarani wasiojua hilo wamepunguza vijiji vyetu kwa kalamu tu, na kila mtu asiyeandikwa ni mgao uliokwenda kwingine.

Na Osiri? Osiri kwenye machimbo ya dhahabu ilinitoa jasho. Karani wangu mmoja alimkuta mchimbaji aliyekuwa ameokota dhahabu siku hiyo, ananunulia kibanda kizima nyama choma, akamwandika kuwa mtu wa kipato kikubwa. Wiki iliyofuata nilipokwenda kuhakiki nilimkuta mtu huyohuyo anaomba chumvi kwa jirani. Ndiyo maana nawaambia msimpime mtu kwa siku moja. Umaskini una siku zake za kuvaa vizuri.

Vishikwambi vimekuja, na sivikatai. Havilowi upesi, havipotei njiani, na havihitaji mtu wa kusoma mwandiko mbaya kama wangu. Lakini karatasi ilikuwa na pambizo. Barasa alikuwa akiandika pembeni maneno kama "kochi si lake" au "wamekula jana kwa matanga," na watu wa ofisini waliyasoma. Kishikwambi hakina pambizo. Kinakuuliza kama kochi lipo au halipo, unabonyeza, kinakupeleka swali linalofuata. Tena siku hizi karani hulipwa kwa nyumba alizomaliza, kwa hiyo nani atapata muda wa kufuata maji mpaka mtungini?

Basi sasa sikilizeni habari ya kochi.

Kuna kijiji upande wa Homa Bay, juu ya mlima wa mawe, ambacho nitakiita Kogwang' ili nisiwaaibishe. Ndugu yangu wa ukoo, Dorina, ameolewa huko, na sasa ni mjane anayelea wajukuu. Bomba la maji ya ziwa lilifika chini barabarani likakomea hapo. Kulipandisha mlimani kulingoja pesa za mfuko ule wa kuyasaidia maeneo yaliyoachwa nyuma. Wakati huo Dorina alikuwa akichota kwenye silanga, bwawa lile la kunyweshea ng'ombe. Nyonga yake ilikuwa imeanza kumsumbua, na penye mteremko mkali alikuwa akishuka kinyumenyume, mkono mmoja umeshika majani, ili asianguke. Ukishindwa kwenda silanga unanunua kwa wenye punda, na Dorina hana cha kumpa mwenye punda.

Mimi nilikuwa nimeshastaafu makarani walipotumwa Kogwang'. Vijana wazuri, wenye haraka. Mzee wa kijiji alitangulia kutangaza kwamba wageni wa serikali wanakuja. Wageni! Neno hilo ndilo lililotuponza. Kwetu mgeni, wendo, haoni uhitaji wa nyumba. Utalala njaa siku mbili, lakini mgeni atakuta kiti, chai ya maziwa, na kuku akiwezekana. Kijiji kikajipanga. Mwalimu mstaafu alikuwa na kochi jekundu lenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa tausi. Kochi hilo likawekwa nyumba ya kwanza. Karani akiwa anamalizia chai nje uani, vijana wa kijiji walikuwa wanalibeba kwa njia ya nyuma, kupitia mashamba ya mtama, kulitanguliza nyumba inayofuata. Lilitembea hivyo kijiji kizima. Kuku walichinjwa. Na swali la njaa likiulizwa mbele ya sahani ya kuku, nani atajibu kuwa wiki jana alikosa?

Dorina ndiye aliyenisimulia kwa simu, akicheka, akasema kochi lilichoka kuliko watu. Nami nikacheka, siwafichi, kwa sababu niliwaona akilini tausi wale wakipita kwenye mtama. Kisha kicheko kikanikauka. Nilijua kishikwambi kimeandika nini. Kogwang' nzima ina makochi mekundu, inakula kuku, haijakosa mlo. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Kogwang' mgeni alikuja mwenyeji akaugua.

Matokeo yalipotoka kijiji hakikuwemo kati ya maeneo ya kusaidiwa. Tukaitwa kwenye ukumbi pale Oyugis, maafisa kutoka jiji kuu waje kusikiliza maoni ya wananchi. Aliyezungumza alikuwa bwana wa koti la kijivu, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Sina ugomvi naye yeye mwenyewe. Akaeleza kuwa hali ya Kogwang' imeimarika. Kisha akaongeza, kama mtu anayetudokezea siri, kwamba maeneo yanayoingiza kodi nyingi yameanza kulalamika kuwa yanalisha wengine, kwa hiyo ni lazima kila senti inayotoka kwao iwe na sababu.

Hapo damu ilinipanda, na haijashuka.

Nani anamlisha nani? Dorina akinunua sukari ya kupima kwenye karatasi, kodi imo. Akinunua sabuni, kiberiti, vocha ya simu, kodi imo. Akitumiwa pesa kwa simu na mwanawe, kodi inakatwa kabla hajaishika. Lakini kodi hiyo haiandikwi kwamba imetoka Kogwang'. Inaandikwa kwamba imetoka pale kampuni ilipoweka makao yake makuu, kwenye jengo la vioo ambalo Dorina hajaliona hata kwenye picha. Dhahabu ya Osiri inatoka kwenye mashimo yanayofukia watoto wa watu, inaondoka imefungwa kwenye leso, na utajiri wake unaonekana mbali na Migori. Samaki wetu wanasifiwa kwenye hoteli za watu. Kisha tunaambiwa tunalishwa! Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, sawa, lakini angalau aujue mkono uliompakulia.

Hata hao wanaolalamika, barabara zao za lami na hospitali zao kubwa zilijengwa na kodi ya nchi nzima, miaka ambayo sisi tulikuwa tukiambiwa tungoje zamu. Zamu imefika, mchezo umebadilishwa. Sasa tunaambiwa kila mtu ale cha kwao.

Na msidhani nawasamehe wakubwa wetu wenyewe. Mgao unaofika kaunti huwa na tabia ya kupotelea kwenye geti la mtu. Nimeona bomba la umma limeinamisha kichwa ndani ya ua wa kiongozi huku wanawake wanapita nje na madumu. Anayelia kwamba jiji kuu linatunyima, kisha naye akamnyima wa mlimani, huyo ni mnyimaji tu aliyekosa nafasi kubwa zaidi.

Niliinua mkono nikaeleza habari ya vitambaa vya tausi. Watu walicheka. Bwana wa koti la kijivu alinijibu kwa upole kwamba takwimu zimepokelewa na zimefungwa. Ndipo Dorina akasimama. Alisimama kwa shida, ameshika bega la jirani.

"Mgeni akikuja kwangu nikimpea uji ya maji, ataandika mimi ni maskini, nipate mfereji," alisema. "Nikichinja kuku yangu moja, anaandika mimi ni tajiri. Kwa hivyo serikali inataka nimnyime?"

Bwana yule aliangalia karatasi zake. Akasema, "Mama, fomula haina macho."

Dorina akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, na mkutano ukaendelea na mambo ya barabara.

Baadaye zilikuja habari kwamba baadhi ya vijiji vitahojiwa upya, Kogwang' kikiwemo. Sijui kama ni maneno yetu au ni hesabu zao zilizokataa kulingana, na sijidai. Nilipanda mlima siku ya Jumapili, nikamkuta Dorina anachambua maharagwe, nikamwambia mara hii asiazime kitu. Kiti kikiwa kibovu, mgeni akikalie hicho hicho. Mtungi ukiwa mtupu, auone. Akiulizwa njaa, aitaje. Na kuku asichinjwe.

Aliacha maharagwe. "Nyar Kasipul, unataka nivue nguo mbele ya mgeni?"

Nikamwambia, nyaminwa, dada yangu, mficha uchi hazai.

"Mimi nilishazaa," alinijibu, akarudi kwenye maharagwe yake.

Nilikaa naye mpaka jua likaegemea upande wa ziwa. Nilimweleza habari ya bomba, nikamweleza habari ya nyonga yake, kwamba kuna siku hata kinyumenyume haitawezekana. Nilipoaga ndipo aliposema atasema ukweli, wote, lakini akaniomba niwepo, kwa kuwa jambo lile hawezi kulifanya peke yake. Kuhusu kuku alinyamaza. Nami sikumchokonoa.

Karani aliyekuja alikuwa binti wa Rongo aitwaye Faith, mwenye viatu vya mpira na adabu. Mimi niliketi pembeni nikipukuchua mahindi, kama shangazi yeyote aliyekuja kutembea. Dorina alimpa kigoda chenye mguu uliofungwa kamba. Hakumpa chai. Nyinyi msiozaliwa huku hamtajua ni kitu gani kile, mwanamke wa Kiluo kumwacha mgeni ameketi mikono mitupu nyumbani kwake. Mikono yake Dorina haikujua iende wapi. Mara ilishika leso, mara ilifuta kigoda ambacho mtu alikuwa amekikalia.

Faith aliuliza paa, sakafu, maji. Aliomba maji ya kunawa, akayafuata mpaka mtungini, na moyo wangu ukaruka kwa furaha, maana kumbe Barasa bado yu hai katika watu asiowajua. Akauliza mifugo. Mbuzi? Hakuna. Ng'ombe? Hakuna. Kuku?

"Moja," Dorina alisema.

Kisha likaja swali la njaa. Dorina aliinamisha macho. Alikunja leso, akaikunjua, hata nikafikiri amekataa, nikajiambia kama amekataa basi, nitamtetea. Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba Jumanne hawakula, na Alhamisi walikunywa maji ya moto na chumvi, yeye na wajukuu.

Mimi niliyekuwa nimemshurutisha nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimeitaka sentensi hiyo. Nilipanda mlima kuiomba. Lakini nilipoisikia ikitoka kinywani mwa mwanamke aliyewahi kunichinjia jogoo wake wa pekee nilipofiwa, niliona wazi ni bei gani tunatozwa. Mtu wa jiji kuu hatakiwi kuthibitisha lolote ili mfereji wake utoe maji. Hakuna anayemwingilia jikoni kuhesabu majivu. Yeye maji ni haki yake, ila Dorina ni lazima kwanza aseme mbele ya mtoto wa watu kwamba alilala na njaa, tena ataje siku. Hiyo mnaiita haki? Mimi naiita haki iliyokuja na fimbo mkononi. Ichukueni hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo iliyopo, lakini msiniambie niipigie vigelegele.

Matokeo hayajatoka. Bomba bado limelala chini barabarani. Nikifa kabla halijapanda, nyinyi mnaonisikiliza mkaulize.

Siku ile Faith alifunga kishikwambi, akashukuru, akaondoka. Alikuwa amefika kwenye ua wa minyaa Dorina alipomwita asimame. Dorina alikwenda nyuma ya jiko, akarudi na yule kuku, miguu imefungwa kwa katani.

"Kazi yako ya serikali imeisha?" alimuuliza.

Faith akasema imeisha.

"Sasa wewe ni mgeni yangu. Shika."

Binti alimwangalia kuku, akaangalia mtungi ulioko ndani, akaniangalia mimi. Alianza kusema mama hapana, mama mbaki naye. Nami nikamkatiza nikamwambia ampokee kwa mikono miwili, kwa sababu kumkataa kungekuwa tusi baya kuliko maswali yake yote.

Akampokea. Akamkumbatia kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatoa kishikwambi tena, kwa kuwa majibu yalikuwa bado hayajatumwa. Dorina alishtuka, akanitazama kana kwamba nimemwingiza mtegoni. Nilisogea nikachungulia juu ya bega la binti. Alikuwa amerudi kwenye swali la mifugo. Mahali pa kuku alifuta moja, akaandika hakuna.

Nilimwambia Dorina, naye akamsindikiza mgeni wake kama desturi inavyotaka. Penye mteremko aligeuka akashuka kinyumenyume, mkono umeshika majani, huku anaongea na kucheka, na kichwa kimeinuka kama cha mwenye boma kubwa.